Ndoo Saba za Queensburgh

Melvin alichuchumaa mbele ya ndoo ya kwanza, akaikagua juu na chini, kisha akasonya.

"Aki ya nani, huyu mtu aliichukia hii mimea."

"Usianze na hukumu," Kemunto alimwambia, kalamu tayari mkononi. "Anza na unachokiona."

Ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi, mwezi wa Julai, na walikuwa ndani ya banda la gari nyuma ya nyumba moja ya kupanga huko Queensburgh, Durban. Gari lenyewe halikuwepo. Kulikuwa na matairi mawili yaliyochakaa, baiskeli ya mtoto, na ndoo tano za rangi zilizooteshwa bangi. Zilikuwa saba. Mbili polisi waliondoka nazo siku waliyomkamata Baudouin, fundi simu Mkongo aliyeishi hapo na mkewe na mama mkwe wake, wakasema gari litarudi kuchukua zilizobaki. Siku tisa zilishapita na gari halijaonekana, na Kemunto alimshukuru Mungu kwa hilo bila kuona haya.

Huyu Kemunto alikuwa mpelelezi wa wakili mmoja wa Overport, Bi. Lynn. Zamani, Nairobi, alichunguza madai ya bima, na kazi ile ilimwachia ugonjwa mmoja: hawezi kupita jambo asilolijua akaliacha lilivyo. Kanisani, Wakenya wenzake walishajifunza kumkwepa ibada ikiisha, maana ukimsalimu tu anataka kujua kwa nini umehama nyumba na godoro ulimwachia nani.

Melvin naye alikuwa mhadhiri wa kilimo, mwalimu wa kwaya, na mmiliki wa miche mitatu ya bangi kwenye roshani yake kule Morningside. Sheria ya Afrika Kusini inamruhusu mtu mzima kuotesha yake ya kutumia mwenyewe nyumbani. Kinachomfunga mtu ni kuuza. Lakini kwaya ina sheria zake, na Melvin alikuja kwa sharti moja.

"Jina langu lisiandikwe popote."

"Nitaandika 'mtaalamu'."

"Andika 'mtaalamu aliyebembelezwa sana'."

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Jumatatu Baudouin angepandishwa kizimbani kuomba dhamana. Mwendesha mashtaka alikuwa na mizani ya jikoni, furushi la vifuko vidogo vya plastiki, na ndoo saba za bangi isiyo na maua. Ua ndilo linalovutwa, na ua ndilo linalouzwa. Kama halipo, alidai, basi limeshauzwa. Kosa hilo lingemla Baudouin miaka kadhaa, na likishaingia kwenye faili lake la ukimbizi, hata akitoka hana tena nchi ya kukaa. Mizani haikumtisha Bi. Lynn: Lyse, mke wa Baudouin, alipimia dagaa wa kuuza. Vifuko vilikuwa vya skrubu za simu. Lakini maua? Maua yalikwenda wapi? Swali hilo lilikuwa limemkalia Kemunto kooni tangu Jumatano.

"Haya, andika," Melvin alisema. Aliinamisha ndoo kidogo, maji ya kahawia yakachuruzika ukingoni. "Haina tundu hata moja chini. Mizizi imezama. Majani yakilegea, anayeanza anadhani ni kiu, anaongeza maji. Yakizidi kulegea, anaongeza tena. Mimi mwenyewe niliua minne hivyo."

"Udongo?"

"Wa uani. Mzito, unaweza kufinyangia chungu." Alinusa vidole vyake akakunja uso. "Na hii ni mbolea ya kuku, mbichi kabisa, haikuachwa ioze. Unaona ncha za majani zilivyoungua?"

"Na taa?"

Melvin aliinua macho. Balbu moja ya manjano ilining'inia kwa waya katikati ya banda.

"Dada Kemunto, hiyo ni balbu ya chooni."

Kemunto alicheka, akaandika 'balbu ya chooni'.

"Halafu amepanda Aprili, siku zinafupika," Melvin aliendelea. Sasa alikuwa amekolea, sauti ya darasani imemtoka. "Bangi ikiona usiku umekuwa mrefu inaharakisha kutoa maua, hata kama haijafika magotini. Ndiyo maana imedumaa hivi."

"Kwa hiyo ilitoa maua."

"Ilijaribu."

Alivuta tawi moja karibu na mwanga wa mlango. Pale maua yalipotaka kuchomoza palikuwa na kovu dogo. Akageuza tawi lingine, kovu. La tatu, kovu. Akahamia ndoo ya pili, kisha ya tatu: makovu yaleyale.

"Hili sijawahi kuliona," alisema hatimaye. "Makosa mengine yote nayajua, ni ya kila mtu. Lakini hapa kila kitumba kimenyofolewa kwa ukucha, kikiwa bado punje ya mchele. Hakina nguvu, hakina hata harufu. Watu wanaziba mlango kwa taulo harufu yake isisikike nje, wanahesabu siku, wanaliombea hilo ua! Huyu analitoa kabla halijawa kitu."

Kemunto alipiga magoti kwenye saruji. Juu ya udongo wa ndoo, kuzunguka shina, kulikuwa na punje ndogo za kahawia zilizokauka. Aliokota moja akaiweka kwenye kiganja cha Melvin.

"Ni yenyewe," Melvin alisema. "Ni vitumba."

"Amevitupa?"

"Palepale."

Kemunto alifungua bahasha aliyopewa na Bi. Lynn, akatoa nakala za picha walizopiga polisi siku ya kukamata. Akaisogeza moja kwenye mwanga. Punje zilikuwamo, juu ya udongo, kwenye ndoo zile mbili zilizochukuliwa na hizi tano zilizobaki. Polisi wenyewe walizipiga picha bila kujua wanachokipiga. Hakuna ambaye angeweza kusema zimeongezwa baadaye. Kwenye ndoo moja alihesabu arobaini na moja, akachoka.

"Muuzaji gani anatupa mali yake?" aliuliza.

"Mjinga."

"Mjinga angefanya mara moja. Huyu alikuwa anarudi kila baada ya siku chache, ndoo zote saba, kwa bidii." Aligusa ncha ya juu ya mche, ambako vitumba vichache vya kijani vilikuwa vizima. "Na hivi mbona viko?"

"Hivyo ni vipya. Siku nane, tisa, labda kumi."

Siku tisa. Tangu Baudouin achukuliwe, hakuna aliyenyofoa. Kemunto aliandika hivyo, akapiga mstari chini yake. Mpandaji aliyetupa maua yake mwenyewe hakuuza kitu. Kilichobaki ni Baudouin kueleza kwa nini aliyatupa. Aliamini kesi imekwisha kabla ya chakula cha mchana, na hapo alikosea sana.

*

Baudouin aliketi upande wa pili wa kioo cha mahabusu, mgongo umenyooka, shati limefungwa hadi kifungo cha juu. Alikuwa mtu mdogo wa umbo, wa miaka thelathini na minne, na adabu yake ilimchosha hata askari aliyemleta.

"Maman, mi nilishasema. Ile bangi iko yangu. Andika tu."

"Nimeshaandika. Sasa nifundishe, mimi sijui kitu. Mbolea uliweka gani?"

"Mbolea..." Alifikiri. "Ya kununua. Ile ya mu mufuko."

Harufu ya mbolea ya kuku ilikuwa bado kwenye sketi ya Kemunto. Aliandika alivyoambiwa.

"Maji je?"

"Kidogo. Mara moja kwa juma."

"Na maua ulikuwa unayatoa saa ngapi? Asubuhi au jioni?"

Baudouin alimtazama kupitia kioo.

"Maua gani?"

"Ya bangi."

"Bangi iko na maua?"

Kemunto aliweka kalamu chini taratibu. Alishahoji waongo wa kila aina, na wote walikuwa na jambo moja: wanajua zaidi ya wanachosema. Huyu alijua pungufu. Hajawahi hata kuzigusa ndoo zile.

"Baudouin, nani alipanda?"

"Mi."

"Ni Lyse?"

"Non!" Alijibu haraka, macho makavu usoni mwa Kemunto. "Lyse haiko ndani ya hii mambo. Nitaapa."

"Nani mwingine ana ufunguo wa banda?"

Hapo ndipo alipobadilika. Aliinamisha macho, akaweka mikono katikati ya magoti, akajikunyata kwenye kiti. Kemunto alijaribu njia tatu. Alimbembeleza, alimtisha kwa miaka ya kifungo, alimtajia mtoto wake Israël, mwenye ile baiskeli iliyosimama bure bandani. Baudouin alilia kwa jina la Israël, machozi yakamtiririka, na hakusema.

"Maman," alisema mwishoni, "kuko mutu kwetu haumutaji mu mambo ya haya. Hata wanipige, siwezi. Acha iwe yangu tu."

Kengele ililia, askari akamgusa bega.

Njiani kurudi Kemunto alisimama kwenye robot ya njia panda, taa ikawa kijani, ikawa nyekundu tena, na taxi nyuma yake ilimpigia honi mpaka dereva akachomoa kichwa dirishani. Hakusikia. Mwanamume yuko tayari kufungwa, na mtu anayemficha si mkewe. Ni nani basi, ambaye kumtaja tu kwenye aibu ni kosa kubwa kuliko jela?

Miaka mitatu ya kufanya kazi na Wakongo wa Durban ilimpa jibu mara moja, akajishangaa alivyochelewa. Mkwe hali chakula uso kwa uso na mama wa mkewe. Hamtanii, hampigii kelele, hapeleki aibu mlangoni pake. Lakini asubuhi Lyse, alipomfungulia banda kabla ya kwenda kazini, alisema mama yake yuko Johannesburg kwenye kongamano la kanisa na anarudi leo. Aliondoka lini? Kemunto hakuuliza. Yeye, Kemunto, hakuuliza! Alijitukana kwa Kikisii, akageuza gari.

*

Sanduku la safari lilikuwa bado mlangoni. Mama mkwe mwenyewe alikuwa uani, upande wa pili wa banda ambao asubuhi Kemunto hakufika: mwanamke mnene wa miaka sitini na kidogo, kilemba cha kongamano kichwani, ameketi kwenye kigoda katikati ya madumu yaliyokatwa na kujazwa udongo. Kwenye madumu kulikuwa na lenga-lenga, mchicha wa Kikongo, umerefuka na kufunga vishada.

"Karibu, mwana yangu. Unamutafuta Lyse? Lyse iko ku salon."

"Nakutafuta wewe, Mama Julienne. Natoka kwa wakili wa Baudouin. Pole na safari. Uliondoka lini?"

"Siku kumi sasa. Nimefika leo, na basi ya saa tano. Na angalia vile wameniachia mboga yangu! Yote imetoa maua, imezeeka. Watoto ya leo wanajua kula tu."

Akisema hivyo, kidole gumba na cha shahada vilikuwa kazini, havingoji macho. Vilishika kishada, ukucha ukakata, kikaangushwa palepale kwenye udongo. Kingine, na kingine.

Kemunto alisimama, mkoba begani. Alimwona mama yake mwenyewe kule Kisii, jioni, ameinama kwenye mboga zake za chinsaga, anafanya vilevile kabisa. Aliwahi kuzabwa kofi kwa kusahau kazi hiyo. Asubuhi nzima amepiga magoti mbele ya makovu yale pamoja na mtaalamu wa chuo kikuu, na mikono yake mwenyewe ilijua jibu tangu akiwa na miaka saba.

"Mama, kwa nini unayatoa?" aliuliza. Alijua, lakini jibu lazima litoke kinywani mwa shahidi.

"Ukiacha ua, mboga inawaza mbegu, inasahau majani. Ukitoa, inarudisha majani. Kwenu hamufanyi?"

"Tunafanya." Aligeukia banda. "Na ile ya kwenye ndoo, kule bandani. Hiyo pia?"

Mama Julienne hakushtuka hata kidogo.

"Ile ndiyo zaidi! Ua yake ndiyo inaleta wazimu. Mi niko diakonesi ya kanisa, naweza kuacha ile kitu ikomae mu nyumba ya watoto? Nataka majani tu, ya magoti. Ninapika na mafuta, ninapakaa usiku, asubuhi ninatembea." Akanyofoa kishada kingine. "Lyse anasema ufunguo umepotea. Nani alizimwagilia maji? Zinataka maji kila siku, ile."

"Mama, Baudouin yuko wapi?"

"Baba Israël? Wamemushika kwa mambo ya karatasi. Lyse aliniambia mu simu."

Kemunto alishawapelekea watu habari mbaya nyingi, za nyumba zilizoungua na magari yaliyotumbukia mtoni, lakini hii ilimkwama. Aliketi kwenye dumu tupu ili asiseme akiwa amesimama juu ya mtu mzima. Akasema. Polisi, ndoo, mashtaka ya kuuza, siku tisa ndani, Jumatatu mahakamani.

"Na aliwaambia ni zake," alimalizia.

Vidole vilisimama.

"Alisema iko yake?"

"Ndiyo, Mama."

"Yule? Yule hata sigara havuti."

"Najua."

Mama Julienne alikaa vile, kishada kati ya vidole. Kemunto aliona uso unavyopanda kutoka mshangao hadi hasira, na hasira ikafurika machoni.

"Mupumbavu!" alisema kwa uchungu. "Mutoto mupumbavu, mutoto muzuri! Eish, Mungu wangu. Ingia ndani. Ingia uandike."

Waliandika kwenye meza ya jikoni. Mama Julienne alieleza kila kitu kwa mpango, kama mtu aliyezoea kutoa ushuhuda: mbegu alizopewa na muumini mmoja, ndoo alizookota, mbolea ya kuku wa jirani, maji asubuhi na jioni, maua aliyoyatoa kwa mkono wake na kuyaacha kwenye udongo. Kemunto alikuwa akiandika na moyo unamdunda kwa furaha. Maelezo haya, na picha za polisi wenyewe, yalitosha. Hakuna ua lililouzwa. Mkwe angetoka, na mama mwenyewe asingekuwa na kosa, maana ni mtu mzima aliyeotesha dawa yake nyumbani kwake. Alitia nukta ya mwisho. Angefunga daftari hapo.

Lakini juu ya jiko kulikuwa na rafu, na kwenye rafu chupa ndogo za kijani zimepangwa mstari, kila moja imebandikwa kipande cha plasta chenye jina. Joséphine. Maman Irakoze. Maman Fabien.

"Na hayo mafuta, Mama," aliuliza, "ni yako peke yako?"

"Non. Iko ya ba maman ya kanisa. Magoti inauma watu wengi."

"Unawapa?"

"Mbele nilitoa bure. Kisha chupa zikaisha. Sasa kila mutu twenty rand, na mabaki inaenda ku kanisa."

Mkono wa Kemunto ulikuwa umeshaandika. Ulikuwa mkono wa kazi, haukumngoja. Aliitazama ile sentensi kwenye karatasi mpya, peke yake juu kabisa. Mwendesha mashtaka alikuwa anatafuta mauzo. Yeye ndiye aliyemtafutia, akayapata.

Aliichomoa karatasi ile daftarini, akaikunja mara nne.

"Hii haihitajiki. Maua yanatosha. Fanya kama sikuuliza."

"Lakini uliuliza."

"Mama, nisikilize vizuri. Ukisema hili, Baudouin anatoka na wewe unaweza kuingia. Kuuza ni kuuza, hata mafuta ya magoti, hata kwa kanisa. Na wewe pia una karatasi za ukimbizi. Unanielewa?"

"Nimeelewa. Jumatatu watanipa Biblia nishike?"

"Wakikuita, ndiyo."

"Na wataniambia niseme kweli. Nusu, au yote?"

Kemunto alijichukia wakati ule. Alijichukia yeye na macho yake yasiyoweza kupita rafu ya mtu bila kusoma. Mama Julienne alinyoosha kiganja juu ya meza.

"Leta."

Kiganja kilikaa pale, wazi, na hakikuondoka. Kemunto aliiweka karatasi juu yake. Mama Julienne aliikunjua, akainyoosha kwa ubavu wa mkono, akaisoma polepole, midomo inacheza.

"Umeandika muzuri," alisema. "Lakini majina ya ba maman usiweke. Wao walileta magoti tu."

"Sitaweka."

Aliomba kalamu, na zile karatasi mbili za kwanza zitolewe daftarini. Akatia sahihi kwenye karatasi zote tatu, kwa herufi kubwa zilizosimama moja moja, bila haraka.

"Baba Israël atatoka Jumatatu?"

"Kwa hizi, atatoka."

"Bon." Alizikusanya, akazigonga mezani zikae sawa, akampa. Kemunto alizipokea kwa mikono miwili, akawa anazitia mkobani, akitaka tu kufika kwenye gari kabla hajalia.

"Ngoja," Mama Julienne alisema. "Hukuandika tarehe."

Kemunto alizirudisha mezani. Alichukua kalamu, na ikabidi amuulize Mama Julienne leo ni tarehe ngapi.